Jinsi ya Kurudisha Ulichodhulumu Baada ya Kuokoka: Neema Isiyonunuliwa na Gharama Isiyokwepeka

Mtu anapookoka akiwa mtu mzima, huja kwa Kristo na historia yake. Ana fedha za ofisi alizogawana na wenzake, ana mpaka wa shamba aliousogeza, ana wakulima aliowapunja kwenye mizani kwa misimu kadhaa, ana jirani aliyemchafulia jina hadi akakosa uongozi. Ameungama mbele za Mungu, ameombewa, amebatizwa au amerudi kwenye meza ya Bwana, na bado vitu vile viko nyumbani kwake. Afanye nini navyo?

Majibu mawili humfikia haraka, na yote mawili yamewaumiza watu wengi. La kwanza husema kwamba damu ya Yesu imefuta yote, yaliyopita si ndwele, basi asonge mbele na asahau. La pili husema kwamba hajaokoka kweli mpaka amelipa hadi senti ya mwisho. Jibu la kwanza humwacha aliyedhulumiwa na hasara yake huku mdhulumu akiimba kwaya. La pili humrudisha mwamini utumwani, akipima wokovu wake kwa salio la madeni yake. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu huyo, na pia kwa mchungaji, mwinjilisti, katekista au mzee wa kanisa atakayeombwa ushauri. Nimeuandika nikiamini kwa moyo wote kwamba kurudisha hakununui wokovu hata chembe, na kwamba aliyepokea wokovu hana tena sababu ya kushikilia kisicho chake.

Shika kwanza mpangilio wa Zakayo

Kabla ya kuchukua kalamu na karatasi, soma Luka 19:1-10 taratibu na uangalie jambo gani lilitangulia. Zakayo alikuwa mkubwa wa watoza ushuru huko Yeriko, mtu tajiri, na utajiri wake watu wa mji waliujua ulikotoka. Yesu alifika chini ya mkuyu ambao Zakayo alikuwa ameupanda, akamwita kwa jina, akamwambia ashuke upesi kwa kuwa siku ile imempasa kushinda nyumbani mwake. Wakati maneno hayo yanasemwa, Zakayo alikuwa hajarudisha hata dinari moja, wala hajaahidi chochote. Umati ulinung'unika kwa sababu hiyo hasa: mgeni mtakatifu ameingia kwa mwenye dhambi ambaye hesabu zake hazijasafishwa. Ndipo Zakayo akasimama na kusema, "Tazama, Bwana, nusu ya mali yangu nawapa maskini, na ikiwa nimenyang'anya mtu kitu kwa hila namrudishia mara nne."

Hakuna aliyemtoza. Sura moja tu kabla ya hapo, Luka anasimulia habari za mtawala mmoja tajiri aliyeshika amri tangu utoto wake, ambaye aliambiwa auze alivyo navyo akahuzunika sana. Naamini habari hizi mbili zinapaswa kusomwa kwa pamoja. Yule mtawala alikuja akiuliza afanye nini ili aurithi uzima wa milele, na mali yake ikawa nzito kuliko jibu alilopewa. Zakayo alikuwa ameshapokelewa, na mali ile ile ikawa nyepesi mkononi mwake.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kujihoji swali hili kwa uaminifu: nikifa usiku huu kabla sijalipa chochote, nitasimama mbele za Mungu kwa tumaini gani? Ikiwa jibu lako ni Kristo aliyekufa na kufufuka kwa ajili yako, endelea na mwongozo huu. Ikiwa jibu lako ni kwamba angalau ulikuwa umeanza kulipa, usiende popote kwanza. Rudi kwa mchungaji wako, mkasome pamoja Waefeso 2:8-10, mahali Paulo anaposema kwamba tumeokolewa kwa neema kwa njia ya imani, "wala si kwa matendo, mtu awaye yote asije akajisifu," kisha papo hapo akaongeza kwamba tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Mkumbuke pia yule mhalifu aliyesulubiwa pamoja na Yesu. Hakupata nafasi ya kumrudishia mtu kitu, alikuwa ametundikwa msalabani, na aliahidiwa peponi siku ile ile.

Martin Luther, mwanamageuzi wa kanisa huko Ujerumani, alipofichua biashara ya vyeti vya rehema (vyeti vya msamaha vilivyouzwa na kanisa) mwaka 1517, ubishi wake wa msingi ulikuwa kwamba msamaha wa Mungu hauna bei ya kulipwa dirishani, na hoja ya kwanza kabisa kati ya hoja 95 alizoandika ilisema kwamba maisha yote ya mwamini yawe ya toba. Watu hukumbuka nusu ya kwanza ya ujumbe huo na kuiacha ya pili. Miaka zaidi ya 400 baadaye, mchungaji Mlutheri, Dietrich Bonhoeffer, alilikemea kanisa la Ujerumani kwa kugawa kile alichokiita neema rahisi, yaani msamaha unaohubiriwa bila toba na ubatizo unaotolewa bila ufuasi. Alifundisha kwamba neema ni ya bure kwetu na ya thamani kubwa kwa Mungu, kwa kuwa ilimgharimu Mwanawe. Yeye mwenyewe alinyongwa katika kambi ya Flossenbürg tarehe 9 Aprili 1945. Wakatoliki nao hawako mbali na jambo hili: Katekisimu ya Kanisa Katoliki, kifungu cha 1459, inamtaka mwenye kutubu afanye yanayowezekana kurekebisha madhara aliyosababisha, kwa mfano kurudisha vitu vilivyoibwa na kumrejeshea heshima yake mtu aliyesingiziwa.

Katika Afrika Mashariki hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Uamsho wa kiroho ulioanzia Gahini nchini Rwanda, na pia nchini Uganda, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920, kwa watu kama Mganda Simeoni Nsibambi na daktari mmisionari Joe Church, ulitambulika vijijini kwa mambo mawili: watu waliungama dhambi zao wazi, na walirudisha walivyoiba. Waajiri walishangaa kuona fedha na vyombo vikirudi. Uamsho huo ulipofika Bukoba uliwalea watu kama Josiah Kibira, ambaye baadaye alikuwa askofu, na Rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani kuanzia 1977 hadi 1984. Wimbo wao mkuu, Tukutendereza Yesu (kwa Kiganda, Tunakusifu Yesu), haukusifu malipo yao. Ulisifu damu ya Mwanakondoo.

Andika orodha, na ujue pa kukomea

Tafuta saa mbili za utulivu na daftari. Yesu mwenyewe alifundisha hivyo katika Luka 14:28, kwamba anayetaka kujenga mnara huketi kwanza na kuhesabu gharama. Andika kila jambo katika mstari wake: nilichukua nini, kilikuwa cha nani, lini, na kilikuwa na thamani gani. Usiandike "niliwahi kuwa mwizi." Andika "nilichukua mabati 12 ya mradi wa darasa, msimu wa masika, nikaezekea banda langu." Toba ya jumla haimgharimu mtu chochote, wala haimrudishii mtu chochote.

Fedha na vitu ndivyo vinavyokumbukwa kwanza, lakini orodha isiishie hapo. Kuna mipaka ya ardhi, na Torati ilikuwa kali sana juu yake: "Na alaaniwe aondoaye mpaka wa jirani yake." Kuna mirathi ambayo mjane au dada hakupewa haki yake. Kuna mishahara ya wasaidizi wa nyumbani iliyocheleweshwa hadi wakaondoka mikono mitupu. Kuna kodi. Kuna jina la mtu. Dhuluma ya jina ndiyo watu huiona ndogo, ingawa mara nyingi ndiyo iliyoharibu zaidi.

Omba kwa maneno ya Zaburi 139, Mungu akuchunguze na aujue moyo wako, kisha andika yale yanayokuja waziwazi. Usichimbe. Mtu mwenye dhamiri nyepesi anaweza kukesha akitafuta embe alilookota akiwa darasa la pili, na shetani hufurahi kumweka huko badala ya kumwacha aende kwa yule mjane. Linalojulikana liandike, lisilokumbukwa mwachie Mungu, na likija baadaye utalishughulikia siku hiyo.

Usiende kabla ya kupata ushauri

Mshirikishe mtu mmoja aliyekomaa, anayetunza siri na asiye na maslahi katika jambo hilo. Umuhimu wake utaonekana katika mambo matatu.

Kwanza, kuna maungamo ambayo kwa haraka yake humwangukia mwingine. Ukiungama hadharani kwamba mligawana fedha na mhasibu, umemtaja na mhasibu. Kanuni nzuri iliyozoeleka kwa wazee wa uamsho ni kwamba dhambi iungamwe kwa upana ule ule iliojulikana: ya sirini kwa Mungu na kwa aliyeumizwa, ya hadharani kwa hadhara. Makosa ya unyumba yanahitaji uangalifu zaidi ya yote, nami simshauri mtu yeyote kuyapeleka nyumbani mwa watu wengine kabla ya kukaa na mshauri.

Pili, mengine ni makosa ya jinai. Neema haibadilishi sheria ya nchi, na mtu anayekwenda kurudisha fedha za umma ajue kwamba anaweza kushtakiwa. Amwone wakili au kituo cha msaada wa kisheria ajue hali yake, kisha aamue akiwa ameshahesabu gharama. Kwenda kwa wakili si kukosa imani. Ila wakili asitumike kutafuta njia ya kuepuka kurudisha.

Tatu, na hapa naomba viongozi wa makanisa wasikie vizuri: ikiwa aliyeumizwa ni mtoto, au ni mtu aliyefanyiwa ukatili wa kingono, jambo hilo halimalizwi kwa maombi, kwa kikao cha wazee wala kwa mbuzi wawili. Hufikishwa polisi, na kwa Tanzania Bara na Visiwani vituo vingi vina Dawati la Jinsia na Watoto kwa kazi hiyo. Aliyetenda asimfuate aliyeumizwa kuomba msamaha, maana kule kumfuata kwenyewe kunaweza kuwa ukatili wa pili. Toba ya kweli hapo ni kujisalimisha.

Kama umeoa au umeolewa, mwenzi wako naye lazima ajue kabla hujatoa shilingi. Zakayo alitoa nusu ya mali yake. Hakutoa ada ya watoto bila mama yao kujua. Nimesikia shuhuda za wanaume waliosifiwa kanisani kwa kuuza ng'ombe na kulipa madeni ya zamani, wakati nyumbani mke hakuulizwa na ng'ombe alikuwa wa kwake. Hiyo ni dhuluma mpya iliyovikwa mavazi ya toba.

Jinsi ya kupiga hesabu

Torati inatoa vipimo vinavyosaidia hadi leo. Katika Hesabu 5:7 aliyekosa hurudisha kitu kizima na kuongeza sehemu ya tano juu yake. Katika Kutoka 22:1 aliyeiba kondoo akamchinja au kumwuza hulipa kondoo wanne, na kwa ng'ombe hulipa watano. Zakayo alichagua kipimo kizito, cha mara nne. Mkristo hayuko chini ya vipimo hivyo kama sheria ya kumhukumu, lakini vinatufundisha kwamba kurudisha thamani ile ile tu mara nyingi hakutoshi, kwa sababu aliyedhulumiwa alikosa pia matumizi ya kitu chake kwa miaka yote hiyo. Ushauri wangu ni kuanzia na kitu kizima pamoja na sehemu ya tano, na kwenda juu ya hapo kadiri moyo na uwezo vinavyoruhusu.

Fedha hupungua thamani, kwa hiyo usirudishe laki moja ya miaka 20 iliyopita kwa noti ya laki moja ya leo ukasema umemaliza. Pima kwa kitu. Kama laki ile ilikuwa bei ya magunia kadhaa ya mahindi sokoni kwenu, ulizia bei ya magunia hayo hayo msimu huu, na hiyo ndiyo hesabu yako.

Mahali pagumu ni pale waliodhulumiwa walipo wengi. Mfikirie mfanyabiashara aliyenunua vitunguu na viazi kwa lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo na kufungwa kwa kamba juu, mkulima akalipwa bei ya gunia moja la kawaida. Hawezi kumkumbuka kila mkulima. Lakini ana daftari la manunuzi, au dereva wake analo, na vijiji anavijua. Na aanze na wale ambao majina yao yapo, awalipe mmoja mmoja. Kwa waliobaki akadirie ziada ya kila gunia kwa kilo, azidishe kwa idadi ya magunia, na kiasi hicho akipeleke kwenye jambo linalowafaa wakulima wa kijiji kile kile, kwa makubaliano na uongozi wa kijiji na kwa risiti. Asijengee ukumbi wa kanisa lake mjini. Karani wa mizani wa chama cha ushirika ana kazi rahisi zaidi kuliko yeye, kwa kuwa leja ya msimu inaonyesha kila mkulima aliuza kilo ngapi, na kama aliwapunja nusu kilo kila mzani, hesabu iko wazi mbele yake.

Aliyedhulumiwa akiwa amefariki, wapelekee warithi wake. Hesabu 5:8 inafuata njia hiyo hiyo ya kumtafuta jamaa wa karibu. Usimkabidhi ndugu mmoja mjanja kimyakimya. Tafuta msimamizi wa mirathi, au ikabidhi familia ikiwa pamoja. Fedha za mwajiri zirudi kwenye akaunti ya ofisi na zipate stakabadhi, zisiishie mfukoni mwa meneja. Kodi ipelekwe kwa mamlaka ya kodi kwa utaratibu wake wa malipo.

Kwenda na kusema

Nenda mwenyewe ikiwa inawezekana na kama uwepo wako hautamtisha unayemwendea. Ujumbe wa simu unaweza kuomba miadi, lakini maungamo yenyewe yanahitaji uso. Chagua saa ambayo mwenyeji wako hana wageni. Ukiwa na zawadi, iache nyumbani siku hiyo, isije ikaonekana unanunua.

Tuchukue mfano wa Kilimanjaro, mahali ambapo mimea iitwayo masale hupandwa mipakani mwa vihamba (mashamba ya ukoo yanayozunguka nyumba), na jani la sale hilo hilo hupelekwa kwa mtu aliyekosewa kumwomba msamaha. Kijana amesogeza masale hatua tatu ndani ya kihamba cha jirani mzee. Maneno yake yanaweza kuwa haya: "Shikamoo, baba. Nimekuja kwa jambo moja. Masale ya upande wa mfereji niliyasogeza mimi, hatua tatu kuja kwako, mwaka ule ulipolazwa hospitalini. Nilijua ni kwako. Nimevuna ndizi na kahawa za hapo tangu wakati ule. Nataka kuyarudisha mbele ya macho yako na mbele ya mashahidi utakaowachagua, na mavuno niliyokula nimeyapigia hesabu, hii hapa. Naomba unisamehe."

Angalia yaliyomo na yasiyomo. Kosa limetajwa kwa jina lake, wakati umetajwa, na kwamba alijua limetajwa. Hakuna "kama nilikukosea," hakuna "shetani alinipitia," hakuna "lakini na wewe ulikuwa." Neno "lakini" likiingia tu, maungamo yamegeuka kuwa kesi. Pia hakuhubiri. Mzee atauliza mwenyewe ni nini kilichomleta, na hapo ndipo jina la Yesu litakapotajwa mahali panapostahili.

Baada ya hapo kazi iwe ya mikono. Masale yang'olewe na kupandwa mstari wa zamani, mzee au mwanawe akionyesha, mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa pande zote wakishuhudia, na iandikwe karatasi yenye sahihi. Migomba na mibuni iliyopandwa katika zile hatua tatu ibaki ardhini. Ni ya mzee. Kijana akitaka kuihamisha, basi bado hajaachia.

Aliyesingizia mtu arudi kwenye masikio yale yale. Kama alisema kwenye mkutano wa kijiji, aombe nafasi kwenye mkutano. Kama alisema kwenye kundi la WhatsApp, aandike kwenye kundi hilo hilo, kwa sentensi chache: nilichosema juu ya fulani ni uongo, nilikitunga, naomba radhi. Kumnong'oneza aliyechafuliwa peke yake hakumrejeshei jina lake.

Msamaha usiopatikana, na deni lisilolipika

Usiulize "umenisamehe?" kwa namna inayodai jibu papo hapo. Umekuja kutoa haki ya mtu, na msamaha ni wake kuutoa au kuuzuia. Anaweza kunyamaza, anaweza kulia, anaweza kukufukuza au kwenda polisi. Ukifukuzwa, kilichokuwa chake kiache mahali salama anapoweza kukipata, kwa kupitia mtu anayemwamini, kisha ondoka kwa heshima. Wewe ulikuwa umesamehewa na Mungu kabla hujagonga mlango ule, kwa hiyo huna haja ya kumlazimisha mwanadamu akupe amani. Hapo ndipo mpangilio wa Zakayo unapofanya kazi yake. Anayelipa ili asamehewe huondoka mlangoni pale amevunjika kabisa, au amekasirika. Aliyekwisha kusamehewa anaweza kurudi hata mwaka unaofuata.

Kama huna cha kulipa, nenda hivyo hivyo ukiri deni. Kubalianeni kiasi kwa mwezi, hata kama ni kidogo, muandikishane, na usiruke mwezi. Waefeso 4:28 inamwambia mwibaji asiibe tena, afanye kazi kwa mikono yake apate kuwa na kitu cha kumgawia mhitaji. Kazi ya mikono inayolipa deni polepole ni ufuasi wenye heshima. Usikope kwa riba kubwa ili ulipe haraka uonekane shujaa. Na ukiona hofu inakufanya ulipe mara mbili, mara tatu, kwa mtu aliyekwisha kusema yametosha, simama na urudi kwenye swali la mwanzo.

Kwa viongozi wanaopokea shuhuda na sadaka

Kanisa huharibu jambo hili kwa njia mbili, na zote ninaziona mara kwa mara. Njia moja ni kupokea fungu la kumi la mali ambayo kila mtu anajua si ya mtoaji. Yesu alisema wazi katika Mathayo 5:23-24 kwamba mtu akikumbuka madhabahuni kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache sadaka, aende akapatane kwanza. Mchungaji anayejua bahasha ina fedha za mjane aliyenyang'anywa nyumba, na akaipokea na kuibariki, anauza neema kwa bei ya bahasha hiyo. Mwambie mtoaji kwa upole na faraghani: peleka hii kwa mwenyewe kwanza, sisi tutakusubiri.

Njia nyingine ni kugeuza kurudisha kuwa onyesho. Ushuhuda unaotaja kiasi, jina la aliyelipwa na machozi yake humdhalilisha aliyedhulumiwa mara ya pili, na humfundisha aliyerudisha kujisifu. Paulo alipozungumzia bidii yake katika 1 Wakorintho 15:10 alisema alizidi kufanya kazi kupita wote, kisha akaongeza, "wala si mimi, bali ni neema ya Mungu pamoja nami." Ushuhuda mfupi unatosha, bila majina na bila tarakimu, na kwa ruhusa ya aliyelipwa.

Kisha kuna gharama ambayo kutaniko zima linapaswa kuibeba. Mtu aliyejisalimisha kwa wizi wa ofisini anaweza kupoteza kazi au kufungwa, na familia yake ikabaki bila unga. Kanisa lililomhubiria toba lisimkimbie siku ya hukumu ya mahakama. Wachagueni watu wawili wa kumtembelea gerezani kila siku ya kutembelea inapofika, mfuko wa diakonia (huduma kwa wahitaji) ulipe ada ya watoto wake kwa muhula ule, umoja wa wanawake umzunguke mke wake, na baraza la wazee liandike kwenye kumbukumbu zake nani anahusika na nini, ili miezi mitatu ikipita msaada usiwe umesahaulika.